Katibu na Mjumbe Mmoja

Ukimwuliza mtu yeyote wa kwetu aliyewahi kukaa Peckham, London, miaka ile, hutamaliza swali. Atakukatiza: "Aa, Katibu!" Jina alikuwa nalo, tena zuri, lakini nadhani hata barua za kaunsili zilimfikia kwa cheo. Mkewe alimwita Katibu. Mjamaika wa flati ya chini alimwita Mista Katibu, akidhani ndilo jina la ukoo. Mimi nilimjua miaka ishirini na kitu na sikuthubutu kumwita vingine. Ningejiona kama mtu aliyempokonya mzee kofia mbele ya mlango wa msikiti.

Katibu wa nini, utauliza. Alikuwa katibu wa chama kidogo cha siasa cha upande wa kaskazini wa Pemba, kidogo hivi kwamba watu wa mjini Unguja, mimi nikiwa mmoja wao, tulikuwa hatujapata kukisikia. Kabla ya mapinduzi kilisimamisha wagombea watatu. Wawili walishindwa. Wa tatu, mpaka mimi naondoka Peckham, matokeo yake yalikuwa bado yanabishaniwa. Kilikuwa chama cha wahafidhina, na neno hilo Katibu alilitamka kama mzee anayetaja mtoto wake aliyefaulu mtihani. Hawakutaka barabara ipanuliwe kupita makaburini. Hawakutaka saa za chuo cha Kurani zisogezwe. Hawakutaka soko lihamishwe hata hatua kumi. Si kwamba walichukia barabara; walichukia kuletewa barabara na watu wa mjini bila ya kuulizwa. Ndiyo maana wito wao ukawa "Kwanza tuulizane", na kwa wito huo waliichelewesha serikali mambo mengi sana, baadhi yake ya maana.

Mapinduzi yalipokuja vyama vyote vikafungwa, wao wakatawanyika, na wengine wakaishia London. Mtu mwingine angesema basi, yamekwisha. Katibu hakuona hivyo.

"Katiba yetu inasema Chama kinavunjwa kwa kura ya theluthi mbili ya wanachama waliohudhuria," aliniambia, kidole juu. "Sasa mimi nakuuliza, Bwana Mjini. Nani alihudhuria?"

 

Mkewe ndiye aliyenisimulia walivyoondoka. Kulikuwa na sanduku moja. Yeye alitaka watie sufuria zake, maana alikuwa na sufuria ambazo, kwa maelezo yake, malkia wa Uingereza angeziona angeomba aazime. Katibu alitia shati moja na mabuku manne ya kumbukumbu za vikao. Mkewe akalia. Katibu akamwambia, "Mama we, sufuria zinauzwa London. Kumbukumbu haziuzwi." Mke alisimulia hayo akicheka huku anakoroga mchuzi kwenye sufuria ya Kiingereza iliyopinda mpini, na nikaona bado hajamsamehe sawasawa.

Nilikutana na Katibu kazini. Mimi nilikuwa kondakta wa basi, yeye alikuwa karani kwenye ofisi ya vitu vilivyosahauliwa na abiria. Walimwengu wote hawakupata kazi iliyowafaa kama yeye alivyopata ile. Mwavuli mmoja aliuandikia maelezo marefu kuliko cheti changu cha kuzaliwa. Siku ya kwanza nilimpelekea seti ya meno ya bandia, yamefungwa kwenye gazeti.

"Umeyakuta wapi?"

"Ghorofa ya juu, kiti cha nyuma."

"Kulia au kushoto?"

"Bwana, ni meno!"

"Naona. Kulia au kushoto?"

Nikasema kushoto, ili niende zangu. Akaandika. Kisha akainua uso na kunisalimia kwa Kiswahili, akataka kujua kwetu wapi, na niliposema Unguja mjini akatikisa kichwa kama daktari aliyeona picha mbaya. Toka hapo nikawa Bwana Mjini. Tukagundua tunakaa jengo moja, mimi ghorofa ya tano, yeye ya tatu, na kwamba nilikuwa nikipita mlangoni pake kila siku, bila ya kubisha hodi. Hilo nalo nadhani aliliandika mahali.

Uhafidhina wake haukuwa wa maneno. Alivaa tai hata akienda kutupa taka. Kofia ya viua ilikaa kichwani majira yote, na theluji ikianguka alivaa ya pili juu yake. Kaunsili, wenye jengo, walipotaka kupaka milango yote ya jengo letu rangi ya buluu, Katibu alizunguka flati kwa flati. Nakwambia jengo lile lilikuwa na watu wa mataifa yasiyopungua mia, na hakuna aliyekuwa akimsalimia mwenzake kwenye lifti. Ndani ya wiki mbili alikuwa na mkutano wa wapangaji kwenye chumba cha kufulia nguo, ajenda mkononi, na bibi mmoja wa Kiingereza mwenye mbwa akiwa makamu wake. Afisa wa kaunsili alikuja na vipande vya rangi. Katibu akamwambia kwa Kiingereza chake kilichopigwa pasi kwamba yeye hana ugomvi na buluu.

"Kwa hiyo unakubali?"

"Nakubali kuulizwa."

Wakauliza mlango kwa mlango. Watu wakachagua buluu. Katibu alipiga kura ya kupinga, akashindwa vibaya, akarudi nyumbani na furaha ya bwana harusi.

Mara moja, kwa adabu za ujirani, alikwenda kujitambulisha kwenye klabu ya wahafidhina wa Kiingereza, tawi la mtaa fulani ambao siutaji. Alivaa suti. Walimpokea vizuri, wakampa chai na biskuti, wakamweleza mipango yao: hiki kiuzwe, kile kivunjwe, hiki kigeuzwe. Alirudi amenywea.

"Vipi, ndugu zako hawajambo?" nikamtania.

"Si ndugu zangu wale. Wahafidhina gani wanaobadilisha kila kitu? Wale ni wanamapinduzi waliovaa tai."

Na bado mtu huyo huyo alikuwa anapika biriani kumshinda mkewe, akifua mwenyewe, na mabinti zake wawili aliwapeleka chuo kikuu, mmoja akasomea mambo ya mashine. Ukimwuliza imekuwaje, na Chama kina msimamo gani juu ya wanawake, alikuwa na jibu la ukatibu: "Chama hakijapitisha azimio." Alipenda mambo ya zamani, lakini alipenda zaidi utaratibu, na utaratibu ukimruhusu jambo jipya alilifanya bila ya haya. Mimi aliponisikia nasoma masomo ya usiku, Kiingereza na kupiga taipu, alinisukuma kama punda wa mkokoteni. Nilipopata cheti alinikumbatia. Siku ya pili akaniletea mabuku manne.

"Historia ya Chama," akasema. "Mimi naandika, wewe unapiga taipu."

Hapo sasa ndipo nilipoingia kwenye siasa za kaskazini ya Pemba, kisiwa ambacho nilikuwa sijakikanyaga.

Vikao vya Chama, ambako Katibu alinichukua kama mpiga taipu, vilifanywa Jumapili moja kila mwezi baada ya adhuhuri, Barking, mashariki ya London, kwa Mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa na duka la vitambaa. Mtu mfupi, mwema, mwenye sauti iliyozidi nyumba. Siku akisema "Nafungua mkutano" nadhani treni zilisimama. Ukutani sebuleni kwake kulikuwa na kitambaa kikubwa kilichodariziwa kwa uzi wa kijani: KWANZA TUULIZANE, na chini yake jina lake. Kila mgeni aliambiwa maneno yale ni yake Mwenyekiti, aliyasema kwenye kikao cha kwanza kabisa, na yeye hakukanusha. Watu wakipiga makofi nani anakanusha?

Wanawake walikaa jikoni. Ilikuwa ndiyo desturi yao toka nyumbani, ambako walikaa nyuma ya pazia. Lakini usidhani walinyamaza. Mwanamke akiwa na neno aliliandika kwenye kikaratasi, kikapelekwa kwa Mwenyekiti, naye akasoma: "Mjumbe mmoja anasema." Kulitaja jina la mke au dada ya mtu mbele ya wanaume wa vijiji vingine haikuwa adabu. Katibu naye akaandika: "Mjumbe mmoja alisema." Barking pazia lilikuwa la shanga, na kikaratasi kilikuja chini ya sahani ya kachori.

Basi nikapiga taipu. Buku la kwanza, la pili. Mjumbe mmoja alisema barabara ipite nyuma ya kisima, makaburi yabaki, ikakubaliwa. Mjumbe mmoja alisema mgombea asitukane wapinzani maana ni shemeji zake, ikakubaliwa. Wanaume kumi na tano walibishana kurasa sita juu ya rangi ya kadi, kisha mjumbe mmoja alisema zisiwe na rangi, ikakubaliwa. Nilipofika katikati ya buku la tatu niliteremka ghorofa ya tatu.

"Katibu, huyu Mjumbe Mmoja ni nani? Mbona ndiye mwenye akili peke yake?"

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Mara nyingi," akasema, "ni dada yake Mwenyekiti. Bi Sauda."

"Huyu anayetuletea kachori?"

"Huyo huyo."

"Na 'Kwanza tuulizane'?"

"Buku la kwanza, ukurasa wa nne. Umelipiga taipu mwenyewe, hukuona?"

Nikapanda ngazi mbili mbili. Ukurasa wa nne: "Mjumbe mmoja alisema kabla ya kukubali au kukataa, kwanza tuulizane. Mwenyekiti aliunga mkono." Nikakumbuka kitambaa cha ukutani Barking. Bi Sauda alikuwa fundi wa kudarizi, hakuna asiyejua. Alikidarizi yeye, maneno yake mwenyewe, na chini yake akadarizi jina la kaka yake.

Bi Sauda alikuwa mjane, akikaa Lewisham na bintiye, mwanamke mrefu wa maneno machache. Jumamosi moja alikuja Peckham na mjukuu wake wa kike, mtoto wa miaka kumi hivi, aliyekuwa anaelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza chote. Mimi nilikuwa kwa Katibu nasahihisha kurasa. Bi Sauda hakukaa jikoni kwa mke wa Katibu. Alikaa kwenye kiti, mbele yetu.

"Katibu, huyu mtoto shuleni wameambiwa waandike habari za bibi zao. Akaniuliza nilifanya nini kwenye Chama. Sijafungua mdomo, kaka yangu akamjibu: bibi yako alikuwa mpishi wetu. Ndivyo alivyoandika. Mwalimu kampa nyota."

"Two stars," akasema mtoto.

"Nyota mbili," akasema Bi Sauda. "Sasa nasikia mnachapisha kitabu. Katibu, kalamu ilikuwa mkononi mwako."

"Ilikuwa heshima, Bi Sauda."

"Najua ilikuwa heshima. Na mimi niliitaka. Nilikuwa msichana, sikutaka jina langu litembee sokoni midomoni mwa wanaume. Sasa nimekuwa bibi. Nalitaka lirudi."

Mtu mwingine angesema, haya, bibi, nitalitia, na angechukua kalamu. Lakini huyu alikuwa Katibu. Kanuni aliyoisimamia maisha yake yote, ambayo kwayo aliwahi kugombana na shemeji yake miaka saba, ni kwamba kumbukumbu zikishathibitishwa hazifunguliwi. Akifungua ukurasa wa nne kwa ajili ya haki, kesho mwingine atafungua ukurasa wa arubaini kwa ajili ya uongo. Alinieleza hivyo baada ya Bi Sauda kuondoka. Juma zima hakula, au alikula kidogo mno, maana mkewe alinipa mimi biriani yake na mimi sikulalamika.

Jumapili iliyofuata, siku ya kikao, alilileta jambo hilo Barking. Ajenda ya tano: maombi ya mjumbe kutajwa jina katika historia.

"Mjumbe gani?" akauliza Mwenyekiti, na nadhani alijua, maana ile sauti ilishuka mpaka nikadhani anaumwa.

"Aliyesema maneno ya ukurasa wa nne."

"Kumbukumbu zilizothibitishwa hazifunguliwi. Wewe ndiye uliyetufundisha."

"Mimi ndiye."

"Basi tunaongea nini?"

Wazee wakatazama kachori zao. Kisha ikaja sahani, na chini yake kikaratasi, na Mwenyekiti kwa mazoea tu akakikunjua na kuanza: "Mjumbe mmoja anasema..."

"Jina, Mwenyekiti," akasema Katibu.

"Nini?"

"Nakuomba jina la mjumbe. Za zamani sizifungui. Lakini hizi za leo bado sijaziandika."

Sijapata kuona mtu akifunga mkutano kwa haraka namna ile. Mwenyekiti alisimama, akasema mkutano umefungwa, na akasahau kuwa yuko nyumbani kwake. Alivaa koti akatoka nje, mvua inanyesha, akabaki barabarani hajui aende wapi. Katibu alimfuata na mwavuli. Nilivyowaona dirishani walikuwa wamesimama chini ya mwavuli mmoja.

Kitabu hakikuchapishwa. Mwenyekiti alikataa jina litiwe, Katibu alikataa kukipeleka kwa mchapaji bila ya jina, na Chama kikabaki hivyo, kila mmoja akiheshimu utaratibu mpaka unamkaba koo. Vikao vikapungua. Wazee mmoja mmoja wakatangulia, Mungu awarehemu. Mkewe Katibu naye akatangulia, na mabinti wakamtafutia baba yao nafasi kwenye nyumba ya wazee kule Lewisham, maana miguu ilikataa ngazi na lifti ya jengo letu ilifanya kazi siku zile tu ambazo mtu haihitaji. Mimi nilikuwa nimehamia Barking. Nilimtembelea, lakini si kama ilivyopasa.

Mara ya mwisho kukaa naye kitako ilikuwa alasiri ya Jumatano. Alinipigia simu: njoo na mashine ya taipu, na uvae tai. Nikaenda. Nikamkuta ukumbini, suti ile ile, ndani yake kumebaki nafasi ya Katibu wa pili. Upande mmoja wa ukumbi wazee wa Kiingereza walikuwa wanacheza bingo, na mama mmoja mnene anasoma namba kwa kipaza sauti. Upande wa pili kulikuwa na meza ndogo na viti vinne. Mwenyekiti alikwishakaa, fimbo kati ya magoti.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Huyu mwenzako kaniita kikaoni kwa barua. Ya rejista! Nimetia saini mlangoni kama nashitakiwa."

"Unataka kitabu kitoke ukiwa hai?" akauliza Katibu.

"Nataka."

"Kinahitaji kupitishwa. Akidi ni watu watatu. Mimi na wewe wawili."

"Na huyu?" Mwenyekiti akanielekeza kwa fimbo.

"Huyu mtu wa mjini. Si mwanachama, wala hatakuwa."

Nikashukuru. Katibu akakohoa.

"Nimesoma katiba yetu neno kwa neno. Inasema mwanachama ni mtu. Haisemi mwanamme. Na kadi zile zisizo na rangi niliziandika mimi. Wa tatu yuko hai, na kadi anayo."

Mlango ukafunguliwa, akaingia Bi Sauda na mjukuu wake, sasa msichana mrefu kama mama yake. Mwenyekiti akamtazama dada yake akivuka ukumbi mzima polepole, kati ya meza za bingo, mpaka kwenye kiti. Alipofika, Mwenyekiti alimvutia kiti. Nililiona hilo.

"Nafungua mkutano," akasema. Sauti ilikuwa ya mtu wa kawaida.

"Sitini na mbili!" akajibu mama wa bingo kwa Kiingereza.

Macho ya Katibu yalikuwa hayaoni tena kuandika, kwa hiyo mashine nilikuwa nayo mimi. "Waliohudhuria," akasema. "Mwenyekiti. Katibu. Na..." Akamgeukia Mwenyekiti. "Sema wewe. Dada ni wako."

Mwenyekiti akaizungusha fimbo. Dakika nzima, nadhani bingo ilifika mwisho ikaanza upya. Kisha akasema, "Bi Sauda binti Hamadi." Nikapiga taipu. Herufi zile, wallahi, zililia ukumbi mzima, na wachezaji wawili watatu wakageuka.

"Mjumbe ana maombi?" akauliza Katibu.

"Ninayo," akasema Bi Sauda. "Maneno ya ukurasa wa nne ni yangu."

"Ni yake," akasema Mwenyekiti, akitazama meza. "Mimi niliyapenda tu. Niliyapenda sana mpaka nikayazoea." Akaongeza, "Nisamehe, dada."

"Hilo niliandike?" nikauliza.

"Andika yote," akasema Katibu, na uso wake ulikuwa kama wa siku ile alivyoshindwa na milango ya buluu. Mabuku ya zamani yatabaki kama yalivyo, akaeleza, na kikao cha leo kitachapishwa mbele yake, kwenye ukurasa wa kwanza, kila msomaji akione kabla ya kingine. Hakuna kanuni iliyovunjwa. Tukubaliane, basi tufunge.

"Sijamaliza," akasema Bi Sauda.

Tukamtazama.

"Ukurasa wa tisa, hayo ya kisima. Siyo yangu. Yalikuwa ya Bi Mgeni, mke wa mwadhini. Mlidhani ni mimi kwa sababu mkono wa kuandika ni wangu. Yeye hakujua kuandika. Na ya kadi ni ya Bi Asha, aliyeuza mkate wa kumimina. Nyuma ya pazia tulikuwa kumi na moja."

Mwenyekiti akajishika kichwa. "Kumi na moja!"

"Nan, hold on," akasema mjukuu, akimsimamisha bibi yake kidogo huku akifungua mkoba kutafuta kalamu.

Mhudumu alikuja kutwambia chai imekwisha na meza inatakiwa. Katibu akamwinulia kidole, kile kile cha kukitetea Chama mbele ya dunia, asubiri. Akajivuta mbele ya kiti, sikio kwa Bi Sauda, akaniashiria nitie karatasi mpya.

"Huyo Bi Mgeni," akasema, "binti nani?"